Mstahiki, masuuli na mwenye mji: barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Dodoma

Kwa Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Jiji.

Mbukwenyi!

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa hapahapa Dodoma. Sidai kiwanja, sitafuti tenda, wala sina mpango wa kugombea kata yoyote. Ninachowaandikia ni habari ya neno. Najua mtu mzima akiomba kusikilizwa kwa ajili ya neno moja, wenye kazi nyingi hutazama saa. Naomba mnivumilie, kwa sababu neno lenyewe limemtembeza juani bibi mmoja kwa miezi mingi, na sidhani kama ni yeye peke yake.

Bibi huyo ni jirani yangu, Mgogo, aliyezaliwa hapa kabla ya mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Ukikaa naye barazani akichambua mlenda, atakusimulia mji huu ulivyopata jina: tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope, akawa anadidimia watu wakimtazama, wakasema "idodomya", amezama. Wapo wanaosimulia habari nyingine, ya ng'ombe walioibwa kwa Wahehe wakachinjwa na kuliwa, kisha mikia ikasimikwa matopeni ili wenyewe wakija wadhani mifugo imezama. Bibi anaijua hiyo pia, na akiisimulia hucheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la khanga. Jina la mji wake analielewa mpaka mzizi.

Bibi ana bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi za kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, na ndani ya karatasi hizo mna jina lililoandikwa vibaya. Bahasha hiyo ameizungusha ofisi hii na ile. Sitazitaja, maana sikuja kushtaki mtu. Jioni moja alinikuta kibarazani akaniambia: "Mwalimu, hawa wadogo wamenichosha. Kesho naenda kwa meya mwenyewe. Si ndiye mwenye mji?"

Akaenda. Akarudi na bahasha ileile kwapani. Huko njiani alikuwa ameelezwa, tena kwa upole, kwamba meya hagawi viwanja wala hasaini hati, kwa hiyo arudi kulekule alikotoka. Akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya kushika chaki hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: "Sasa Mwalimu, meya maana yake nini?"

Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Barua hii ndiyo jibu langu, na nawaandikia ninyi kwa sababu neno mmelibeba ninyi.

Meya tumempata kwa Waingereza. Waingereza walilichukua neno kwa Wafaransa, ambao hadi leo kiongozi wa mji wao humwita maire, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini: maior, maana yake "mkubwa zaidi". Ni mzizi uleule uliotupa meja wa jeshini. London ilimpata meya wake wa kwanza, Henry Fitz-Ailwin, kiasi cha mwaka 1189, kwa hiyo neno hili lilikuwa limekwisha fanya kazi miaka zaidi ya 700 kabla halijavuka bahari kuja kukaa kwenye miji yetu.

Tazameni lile "zaidi". Kilatini hakikusema "mkubwa" tu, kilisema mkubwa kuliko mwingine. Kwa hiyo Bibi, ambaye hajawahi kusikia neno la Kilatini nje ya kanisa, alikuwa amelitegua neno sawasawa: wadogo wamenichosha, naenda kwa aliye mkubwa zaidi yao. Neno lilimwahidi hivyo. Sheria ndiyo iliyokuwa imeshakwenda upande mwingine bila kumwambia.

Na si kwamba sisi tulikuwa tumepungukiwa maneno ya ukubwa. Tuna mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, makao makuu. Ile -kuu ni -kulu ya lugha za bara iliyodondosha l ilipofika pwani, na ndiyo imo katika Ikulu, neno lililotoka huku kwa Wanyamwezi na Wasukuma, makazi ya mtemi. Mtu akisimama Chamwino akatazama Ikulu, kisha akageuka akatazama ofisi ya mkuu wa wilaya, halafu akamtafuta meya mjini, kwa maneno matupu amezungukwa na wakubwa watatu. Ni nani kati yao wa kumpelekea bahasha ya kaki? Maneno hayamwambii. Yote yanasema: mimi mkubwa.

Mababu zetu wa Ugogo walikuwa na neno la namna nyingine. Walisema mtemi, na mtemi wanayemkumbuka wengi ni Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake limekaa shuleni na midomoni mwa watu mpaka leo. Wazee hulieleza neno mtemi kwa kitendo cha kutema, yaani kukata. Wengine husema ni kukata msitu, yule aliyetangulia kufyeka na kuwakalisha watu. Wengine husema ni kukata maneno, yule ambaye mjadala ukishachosha ndiye anayetamka la mwisho. Kiswahili kina picha hiyohiyo tunaposema "kukata shauri". Mimi napenda kwamba cheo hicho kilitajwa kwa kazi. Ukimwita mtu mtemi, umekwisha mwambia unachotaka afanye. Wahispania nao wana bahati hiyo: meya wao humwita alcalde, na hilo ni neno la Kiarabu, al-kadhi, kadhi huyuhuyu tunayemfahamu, mtoa hukumu.

Lakini kabla ya meya kuna Mstahiki, na hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo Kiswahili kilipofanya jambo la kuwaheshimisha kweli.

Waingereza humtaja meya wao kwa cheo cha "Worship". Leo neno hilo watu wengi hulijua kwa maana ya kuabudu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuwa na thamani, kufaa kupewa heshima. Wale waliolitafutia neno la Kiswahili wangeweza kuteleza wakatuletea kitu cha msikitini au kanisani. Hawakuteleza. Walichagua mstahiki, kutoka stahiki, na stahiki imetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule wa haki na hakika. Mstahiki ni mtu ambaye jambo fulani ni haki yake. (Ndugu yake, stahili, ametoka mzizi mwingine, ule wa ahali, watu wa nyumbani, wanafunzi wangu waliwachanganya hawa wawili kila mwaka na kila mwaka nilifurahi kuwatenganisha.)

Kwa hiyo, Mstahiki Meya, kila mara mshereheshaji anapokutaja kwenye kipaza sauti, neno haki linatajwa ndani ya cheo chako kabla hata jina lako halijafika. Joho na mkufu vinaonekana. Haki haionekani, ila ndiyo iliyotangulizwa. Waziri na mbunge tunawaita waheshimiwa. Wewe peke yako tumekuwekea haki mlangoni.

Waheshimiwa Madiwani, na ninyi lenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Diwani ni neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu, na mwanzo halikuwa jina la mtu kabisa. Lilikuwa daftari. Khalifa Umar alipotaka kujua kila askari analipwa nini, alianzisha diwani, orodha ya majina na haki zao. Kutoka daftari neno likahamia kwenye ofisi inayotunza daftari, kisha kwenye baraza la wanaokaa katika ofisi hiyo. Wafaransa wakalifanya douane, forodha. Washairi wakaita diwani kitabu kinachokusanya tungo zao, na ndiyo maana hadi leo duka la vitabu la Kiswahili lina madiwani na ukumbi wa halmashauri una madiwani. Kwenye mwambao wetu, huko Mrima na Vumba, diwani akawa mtawala wa mji. Ni kama daftari lilisimama likaanza kutembea.

Yupo mtu mmoja aliyebeba maana zote mbili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Miaka michache kabla yake alikuwa amekwisha chapisha kanuni za kutunga mashairi pamoja na diwani yake mwenyewe. Mtu aliyejua kuhesabu mizani ya kila mstari akapewa kuongoza baraza la mji. Nilipokuwa nafundisha ushairi nilikuwa nikiwaambia vijana habari hii, na daima kuna mmoja aliyeuliza kama diwani wa kata yao naye anatunga mashairi.

Sasa nifike pale bahasha ilipokwama.

Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, mabaraza ya miji yakarudi mwaka 1978, na sheria ya mamlaka za miji tuliyonayo ni ya mwaka 1982. Chini ya sheria hiyo manispaa na jiji huongozwa na meya. Ndugu zetu wa Kondoa, kwa kuwa wao ni halmashauri ya mji, wana mwenyekiti, ila majirani zetu wa Manispaa ya Singida wana meya. Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake aongoze vikao vyao. Sisi wananchi humchagua diwani siku moja na Rais na mbunge, na hapo kura yetu inaishia. Mkurugenzi yeye huteuliwa na Rais, na ndiye mtendaji mkuu: wataalamu wa ardhi, mipango na fedha wako chini yake, na malipo hayatoki bila yeye. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa ni wateule wa Rais pia, ila wao ni jicho la Serikali Kuu, hawamo ndani ya halmashauri.

Mwenye nyumba tatu mjini anaweza asiyajue hayo. Itakuwaje kwa Bibi? Kwa miaka 44, tangu 1973 hadi 2017, mwenye kauli juu ya kiwanja cha Dodoma mjini alikuwa CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ndani ya muda huo, mwaka 1980, tukawa manispaa. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, kazi zake zikaja halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 tukatangaziwa kuwa jiji. Kila zamu maneno yalibadilika kwenye vibao, na bahasha ilikuwa ileile. Kisha watu wakaongezeka. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya 765,000. Wengi wa hawa wamekuja na maana za maneno walizozizoea huko walikotoka.

Mkurugenzi, serikalini hukuita afisa masuuli. Wengi hulitamka neno hilo kwenye semina za fedha bila kulisikia. Masuuli ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa swali na suala. Masuuli ni yule anayeulizwa. Hakuna cheo kingine katika halmashauri yetu kilichotajwa kwa uwazi kiasi hicho. Aliyekiunda alisema: fedha zikipotea, usihangaike kutafuta nani mkubwa, tafuta nani ni wa kuulizwa.

Ukiyapanga maneno haya pamoja, kazi ya kila mmoja inajitokeza yenyewe. Masuuli ni wa kuulizwa. Mstahiki amebeba haki. Diwani ni daftari, mahali ambapo jina la mtu na madai yake huandikwa yasisahaulike. Anayebaki ni wa kuuliza. Huyo ni nani?

Bibi alisema meya ndiye mwenye mji. Kiswahili kina neno la mwenye mji, na kila mmoja wetu hulitamka kila siku: mwenyeji. Mwenye na mji, vikabanana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni yule mji ulio wake, anayekukaribisha, anayejua kisima kiko wapi na kijito gani kilimeza tembo. Hata mji ulipovishwa ji- ya ukubwa ukawa jiji, hatukusema sasa watu wake wabadilishwe jina. Bado ni wenyeji. Bibi alikwenda mjini kumtafuta mwenye mji naye amevaa ndara zake, amebeba bahasha, ni yeye mwenyewe. Nilipomwambia hivyo alinitazama kwa muda, akasema, "Basi mwambie huyo meya wako."

Ndiyo nawaambia.

Waheshimiwa Madiwani, naomba mrudishe daftari. Kila diwani wa kata ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata yake. Awe na daftari la kweli, la karatasi, linaloandikwa mbele ya macho ya mwananchi: jina, tarehe, anachouliza, limepelekwa kwa nani. Mkutano ukifika lisomwe: la fulani limejibiwa hivi, la fulani bado. Kata ziko 41. Madaftari 41 si mzigo kwa jiji zima. Najua wapo kati yenu wenye daftari tayari, wenye kumbukumbu nzuri pia. Ninachoomba ni daftari ambalo Bibi anaweza kuliona jina lake ndani, safari hii likiwa limeandikwa sawasawa.

Mkurugenzi, naomba bandiko moja kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata na mtaa, la Kiswahili cha kawaida, maandishi makubwa ya kusomwa na mtu asiye na miwani. Lieleze diwani anafanya nini, meya anafanya nini, mkurugenzi anafanya nini, mkuu wa wilaya anafanya nini, na mwenye shida ya kiwanja, ya maji taka, ya ushuru wa soko aanzie mlango upi. Mwenyekiti wa mtaa alisome kwenye mkutano wa hadhara, maana wapo wasiosoma. Kwa wazee wa Hombolo, Zuzu na Mkonze asaidiwe na mtu wa kulieleza kwa Kigogo. Hili halihitaji mkandarasi. Kama mnahitaji mwalimu wa kulipitia Kiswahili chake, nipo, bila posho.

Nawe Mstahiki Meya, sikuombi ummalizie Bibi shauri lake la kiwanja. Nimekwisha mweleza kwamba si kazi yako na sasa ameelewa. Naomba utumie ile kazi iliyo yako. Wewe ndiye unayeshika kiti pale baraza linapoketi, na mbele yako ameketi masuuli, yule wa kuulizwa, pamoja na wakuu wake wa idara. Hakuna mahali pengine katika jiji hili ambapo haki na swali hukaa meza moja. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, ila ni wangapi Majengo sokoni au Nkuhungu wanaojua kuwa viko wazi? Tarehe na ajenda zibandikwe mapema, kwenye mitaa, si kwenye lango la ofisi pekee. Na pawe na viti vya wenyeji, vichache tu, vyenye kivuli na mahali pa kuegemea mgongo, kwa ajili ya wazee watakaotoka mbali.

Nimemsomea Bibi barua hii yote kabla ya kuituma. Palipohusu mikia ya ng'ombe alinisahihisha mara mbili. Palipomhusu yeye alikaa kimya. Mwisho akauliza baraza lijalo linakaa lini, nami nikamwambia nitawauliza wenyewe.

Basi nauliza: ni lini, saa ngapi, na Bibi atakaa wapi?

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Dodoma.